Saratani ya Utumbo Mpana: Alama za Jeni Zinatufundisha Nini, na Fedha Zetu Ziende Wapi?

*Yafuatayo ni maelezo ya Mratibu wa Miradi ya Afya wa Dayosisi aliyoyatoa mbele ya wajumbe wa kamati za afya za sharika na wageni wafadhili, Mji Mkongwe, Zanzibar. Tunayachapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.*



Nimepewa nusu saa kujibu swali moja. Swali hili lililetwa na marafiki zetu wafadhili walipopitia mpango kazi wetu. Waliuliza: kwa kuwa siku hizi kuna vipimo vinavyosoma alama kwenye DNA na kugundua saratani ya utumbo mpana mapema, kwa nini mpango wenu hauna hata kimoja? Kwa nini badala yake mnaomba nauli za boti, vifuko vya choo na fedha za semina za mashehia?

Ni swali la haki na limeulizwa kwa moyo mwema. Jibu langu kwa ufupi ni hili: elimu iliyozaa vipimo hivyo ni ya kweli, na elimu hiyo hiyo ndiyo inayotusukuma kuomba nauli. Naomba mnivumilie nieleze hatua kwa hatua.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, na mwisho wake kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, huitwa puru. Saratani ya sehemu hizi mbili si ugonjwa mdogo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 duniani walipatikana nayo katika mwaka huo, na watu wapatao 900,000 walifariki. Kwa idadi ya wagonjwa wapya ni ya tatu kati ya saratani zote. Kwa vifo ni ya pili.

Wazee wetu waliufahamu kama ugonjwa wa Wazungu, na hawakuwa wamekosea sana. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko karibu miaka ishirini, alikuwa na desturi ya kuziandikia barua hospitali nyingi za Afrika, zikiwemo za misheni, akiuliza ni magonjwa gani wanayaona na yapi hawayaoni. Mwaka 1971 alichapisha makala akisema kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, na akahusisha hali hiyo na chakula chao chenye makapi mengi, yaani nyuzinyuzi za nafaka, maharage, mizizi na mboga. Wapo waliobishana naye katika mambo kadhaa, lakini ushauri wa kula nyuzinyuzi umebaki mpaka leo.

Ila mambo yamebadilika. Watafiti wa Tanzania waliopitia kumbukumbu za Ocean Road na Muhimbili za miaka ya 2005 hadi 2015 waliona wagonjwa wa saratani hii wakiongezeka. Zaidi ya hapo, wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, na wengi wao ni wa umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Kuchelewa huko ndiko kunakoua. Nchini Marekani, mgonjwa ambaye saratani yake imegunduliwa ingali ndani ya utumbo ana nafasi ya takriban 9 kati ya 10 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Ikiwa imekwisha kusambaa kwenye ini au mapafu, nafasi hiyo hushuka hadi 1 au 2 kati ya 10.

Makomeo kwenye jeni

Sasa niingie kwenye DNA. Msiogope, nitakwenda polepole.

Karibu kila seli ya mwili ina DNA, maandishi marefu sana yenye herufi nne tu: A, C, G na T. Kipande cha maandishi chenye agizo kamili huitwa jeni. Seli ya utumbo na seli ya jicho zina maandishi yale yale. Kinachozitofautisha ni jeni zipi ziko wazi na zipi zimefungwa. Fikirini nyumba kubwa ya ghorofa hapa Mji Mkongwe, yenye vyumba vingi. Mpishi anafungua jiko na stoo, vyumba vingine anaviacha vimefungwa. Mwenye duka la chini anafungua duka, jiko halimhusu. Nyumba ni moja, lakini kila mtu anaitumia kulingana na kazi yake.

Moja ya makomeo yanayofunga vyumba hivyo ni chembe ndogo sana iitwayo methili: kaboni moja na haidrojeni tatu, basi. Chembe hii hujibandika kwenye herufi C, hasa pale inapofuatwa na G. Zikijibandika nyingi mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza. Maandishi hayajabadilika hata herufi moja. Chumba kipo na vyombo vimo, ila mlango umekomewa.

Mwaka 1983 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, Andrew Feinberg na Bert Vogelstein, walilinganisha seli za saratani na seli nzima za mgonjwa huyo huyo, zikiwemo za saratani ya utumbo mpana. Waliona kwamba seli za saratani zilikuwa zimepoteza alama nyingi za methili. Milango iliyopaswa kufungwa ilikuwa wazi. Miaka iliyofuata watafiti wengine waligundua upande wa pili: katika seli hizo hizo, milango fulani iliyopaswa kuwa wazi ilikuwa imekomewa, na baadhi yake ni milango ya walinzi.

Nitatoa mfano mmoja wa mlinzi. Kuna jeni iitwayo MLH1. Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yake yote, na kama mwandishi yeyote, hukosea hapa na pale. MLH1 ni miongoni mwa jeni zinazosimamia usahihishaji wa makosa hayo. Ikifungwa na methili, makosa hubaki bila kusahihishwa, yanarundikana, na siku moja kosa linaangukia mahali pabaya. Takriban saratani 15 kati ya kila 100 za utumbo mpana zina dalili za usahihishaji uliokufa, na katika nyingi kati ya hizo 15 sababu ni komeo hili.

Hapa kuna mambo matatu ambayo ningependa kila mjumbe aondoke nayo.

Kwanza, mabadiliko haya huchukua miaka. Kwa kawaida saratani hii huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kiitwacho polipi, na kutoka polipi mpaka saratani hupita takriban miaka kumi. Polipi ikikatwa mapema, safari imeishia hapo. Ni magonjwa machache sana yanayotupa nafasi ya miaka kumi.

Pili, ukuta wa utumbo hujivua na kujijenga upya kila baada ya siku chache. Seli zilizovuliwa hutoka na choo, na alama zake za methili hutoka nazo. Ndiyo maana inawezekana kuchunguza choo cha mtu asiyehisi maumivu yoyote na kukuta dalili za kinachoendelea ndani.

Tatu, makomeo haya kwa sehemu kubwa hujijenga katika maisha ya mtu mwenyewe. Hayatokani na laana, husuda wala dhambi ya baba. Zipo familia chache ambazo kasoro ya maandishi yenyewe hurithiwa, na ndugu kadhaa huugua wakiwa bado vijana. Familia ya namna hiyo imweleze daktari mapema ili ndugu wachunguzwe. Lakini mgonjwa asinyooshewe kidole, na watoto wake wasikataliwe posa.

Nini huchangia?

Jambo la kwanza ni umri: alama hizi huongezeka kadiri tunavyozeeka, hata kwa watu wazima wa afya. La pili ni sigara. La tatu ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya utumbo wenyewe. La nne ni chakula, na hapa naomba nieleze kwa uangalifu, maana kwenye chakula ndipo maneno mengi ya uongo yanapouzwa.

Bakteria wema wa utumboni hula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, na kutokana nazo hutengeneza asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na pia inasaidia kuongoza jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambao Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa kijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, butireti iliongezeka na dalili za uvimbe kwenye utumbo zikapungua. Waafrika waliopewa chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi walipata kinyume chake. Wiki mbili!

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2025 watafiti wa hospitali yetu ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha utafiti wa wanaume 77 wenye afya wa kaskazini mwa Tanzania. Waliotoka kwenye chakula cha asili kama kiburu, ndizi na maharage wakahamia chakula cha kisasa cha mjini kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe kuongezeka na kinga kulegea. Waliofanya kinyume walipata nafuu. Utafiti ule ulipima damu na kinga, haukupima saratani, kwa hiyo tusiutangaze kama dawa ya saratani. Kundi moja lilipewa mbege, na nalo lilionyesha dalili za uvimbe kupungua. Tafadhali mjumbe yeyote asirudi nyumbani na hiyo kama ruhusa, kwa sababu pombe yenyewe imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya utumbo mpana.

Vilevile mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani hii. Kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, hatari huongezeka kwa takriban asilimia 18.

Neno la mwisho kuhusu chakula ni la tahadhari. Mwili hupata chembe za methili kwa msaada wa foleti, vitamini iliyomo kwenye mchicha, kunde na choroko. Wafanyabiashara wakisikia hivyo huanza kuuza vidonge. Jambo hilo lilijaribiwa Marekani na matokeo yakatolewa mwaka 2007: watu waliowahi kuwa na polipi walipewa vidonge vya asidi ya foliki, na vidonge havikuzuia polipi mpya. Mama mjamzito aendelee kumeza vyake kama alivyoelekezwa kliniki, hivyo vina kazi nyingine muhimu. Wengine tule mboga.

Kipimo cha DNA, uzuri wake na mzigo wake

Sasa nirudi kwenye swali la wafadhili. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha aina hii, Cologuard, kinachotafuta kwenye choo alama za methili, kasoro za jeni na damu iliyojificha. Mwaka 2024 liliidhinishwa toleo jipya, baada ya utafiti wa watu zaidi ya 20,000 huko Marekani. Mwaka huo huo kikaidhinishwa pia kipimo cha damu ya mkononi, Shield. Hii ni kazi ya kusifiwa.

Katika utafiti huo wa toleo jipya, kipimo cha DNA kililinganishwa na kipimo cha zamani na rahisi kinachotafuta damu iliyojificha kwenye choo. Kati ya kila saratani 100, kipimo cha DNA kiliona 94, na kipimo cha damu iliyojificha kiliona 67. Tofauti hiyo ni kubwa, na sitaificha. Kipimo rahisi kikifanywa mara moja huacha theluthi moja, ndiyo maana nchi zinazokitumia hukirudia kila mwaka au kila baada ya miaka miwili.

Lakini tuangalie pia watu wazima wa afya. Kati ya kila watu 100 wasio na saratani wala polipi za hatari, kipimo cha DNA kiliwaambia watu 9 hivi kwamba wana tatizo. Kipimo cha damu kiliwaambia 5. Tukipima watu 1,000 wa namna hiyo, kipimo cha DNA kitawatia hofu zaidi ya 90, kipimo rahisi 50 hivi. Na kila mmoja wao hatatulia mpaka aingizwe kamera kwenye utumbo mpana, kwa sababu kipimo cha choo, kiwe cha aina gani, hakisemi kwamba una saratani. Kinasema nenda ukaangaliwe.

Kwa mkazi wa Chicago, kwenda kuangaliwa ni miadi. Kwa mkazi wa Makunduchi au Nungwi ni daladala mpaka mjini, na pengine boti mpaka Dar es Salaam, mahali pa kufikia, mtu wa kumsindikiza, na siku za kazi zinazopotea. Zaidi ya hayo, choo cha kipimo cha DNA hupakiwa na kusafirishwa haraka mpaka maabara maalumu, na bei ya kipimo kimoja huko Marekani ni mamia ya dola. Hapa kwetu kuna jambo jingine la kukumbuka: minyoo, amiba na bawasiri huleta damu kwenye choo pia, hivyo kila matokeo yanahitaji mganga wa kuyatafsiri.

Ndugu zangu, kumwambia mtu kwamba huenda ana saratani, kisha kumwacha pwani bila nauli ya kwenda kuhakikisha, si huduma. Kipimo ni mlango wa kwanza tu. Tusinunue mlango wa fedha kwa nyumba ambayo haina ngazi.

Njia ya mgonjwa wa Unguja

Niwaeleze ngazi zilizokatika ziko wapi. Mzee mmoja, mvuvi wa kusini mwa kisiwa, aliona damu kwenye choo. Aliambiwa ni bawasiri, na kwa zaidi ya mwaka alipewa dawa za kupaka na za kunywa katika sehemu tatu tofauti. Katika muda wote huo hakuna aliyevaa glavu na kumpima kwa kidole. Saratani nyingi za puru ziko karibu kiasi cha kuguswa kwa kidole, na kipimo hicho huchukua dakika moja. Hakikufanyika kwa sababu ya aibu, ya mpimaji na ya mpimwa. Alipofika kwa aliyempima, kinyama kilichukuliwa, majibu yakatoka, na akapewa barua ya rufaa kuvuka bahari. Barua ile alikaa nayo mfukoni wiki kumi na moja. Familia ilikuwa inachanga nauli na kutafuta jamaa wa kufikia. Alipovuka, ugonjwa ulikuwa kwenye ini. Alizikwa kijijini kwake kabla ya Iddi, na kamati yetu ilishiriki mazishi.

Mzee yule hakuhitaji kipimo cha DNA. Alama za jeni zake zilikuwa zimekwisha kusema kwa sauti ya damu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyesikiliza.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaohitaji mionzi wamekuwa wakivuka kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Saratani ya puru mara nyingi huhitaji mionzi, na matibabu hayo huchukua wiki nyingi. Hospitali inatibu, lakini haimlipii mtu chumba cha kulala wala haimlishi mwanawe aliyemsindikiza. Hapo ndipo pengo letu lilipo.

Lipo na pengo la baada ya upasuaji. Wagonjwa wengine hutolewa njia ya choo tumboni, na huvaa kifuko, kwa miezi kadhaa au kwa maisha yote. Vifuko vinakwisha, na mtu hufunga tambara na mfuko wa plastiki, ngozi inachubuka, anaacha kwenda baraza, anaacha kwenda kanisani au msikitini. Majirani zetu Waislamu wana swali la ziada kuhusu udhu na sala. Jibu la swali hilo ni la masheikh, si letu, na nimeona familia zikitulia baada ya kwenda kuwauliza, kwa kuwa dini yao inayo nafasi kwa mwenye udhuru. Kazi yetu ni kuhakikisha kifuko kipo. Mradi huu hauulizi mgonjwa anaswali wapi.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika, naomba mambo manne.

1. Fundisheni dalili, kwa lugha ya wazi. Damu kwenye choo. Choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, kuharisha au kufunga. Kupungua uzito bila sababu. Upungufu wa damu kwa mwanamume mtu mzima au kwa mama aliyekoma hedhi. Mwenye dalili hizi asisubiri mkutano, aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Shirikianeni na masheha na wahudumu wa afya ya jamii, maana wao wanaingia nyumba ambazo sisi hatuingii.

2. Mfundisheni mgonjwa kuuliza: "Daktari, hii bawasiri umeiona, au tunakisia? Naomba nipimwe kwa kidole." Mwenye aibu aombe mpimaji wa jinsia yake. Hakuna heshima inayopotea katika kuomba hivyo.

3. Andikeni daftari la rufaa. Kila mgonjwa aliyepewa barua ya kuvuka, iandikwe tarehe aliyopewa na tarehe aliyosafiri. Tukizijua siku zilizopotea katikati, tutajua kama kazi yetu inafaa.

4. Tazameni sahani zetu wenyewe. Katika semina zetu chai imekuwa ya soseji, keki na soda. Kisiwa hiki kina mihogo, majimbi, mashelisheli, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu na matembele. Vyakula hivyo ni rahisi kuliko soseji, na vinatoka kwa wakulima wetu. Kuanzia robo mwaka ijayo bajeti ya chakula cha semina iandikwe hivyo.

Kwa wafadhili wetu, naomba nizungumze kwa uwazi wa ndugu. Kama mngetuletea leo vipimo vya DNA, tungepiga navyo picha nzuri, na tungewaandikia taarifa yenye idadi kubwa ya waliopimwa. Ila mzee yule angebaki na barua yake mfukoni. Kwa hiyo tunaomba mfuko wa safari: nauli ya mgonjwa na msindikizaji mmoja, malazi Dar es Salaam kwa muda wote wa matibabu, na vifuko vya choo kwa wanaovihitaji. Tunaomba pia glavu, na mafunzo kwa wahudumu wa vituo vya afya juu ya kipimo cha kidole na namna ya kuongea na mgonjwa mwenye aibu.

Hatusemi kwamba watu wa Unguja hawastahili sayansi ya juu. Wanastahili. Mgonjwa anayefika hospitali mapema akiwa na kinyama cha kuchunguzwa ndiye atakayewawezesha wataalamu wetu kusoma alama za jeni za Watanzania wenyewe, badala ya kukisia kutoka kwa watu wa Marekani. Njia ya mgonjwa ikishajengwa, mwenye dalili akapimwa ndani ya wiki moja na mwenye rufaa akavuka ndani ya wiki mbili, basi nitakuwa wa kwanza kuwaandikia kuomba kipimo rahisi cha damu iliyojificha kwa watu wa umri wa miaka 45 na zaidi. Kipimo cha DNA kitafuata bei ikishuka na maabara ikiwa karibu.

Nimesema kwamba ugonjwa huu unatupa takriban miaka kumi kati ya kinyama kidogo na saratani. Sisi hapa visiwani tumekuwa tukiipoteza miaka hiyo kwa kunyamaza, kisha tunapoteza wiki za mwisho kwa kukosa nauli. Hayo yote mawili yako ndani ya uwezo wa watu waliokaa katika chumba hiki.

Fomu za daftari la rufaa ziko mezani hapo nje. Kila kamati ichukue nakala mbili, moja ya usharika na moja ya kituo cha afya kilicho jirani.